Majani yale yale, kromosomu 16, 32 au 48: nani kakosea kuhesabu?

Swali la msomaji: Shikamoo Dokta. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, naishi Chanika, na nyumbani nina ng'ombe wawili wa maziwa. Darasani tulihesabu kromosomu kwenye mizizi ya kitunguu tukapata 16, kama kitabu kinavyosema. Mwanafunzi mmoja akauliza kama mimea ya porini nayo ina namba moja kila mahali. Nikamjibu ndiyo, kila spishi na namba yake. Jioni nikatafuta namba ya majani ya ginea ninayowakatia ng'ombe. Sehemu moja wameandika 16, nyingine 32, nyingine 48. Nani kakosea? Na nikisimama tena mbele ya darasa niseme nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu.

Nianze na hilo la darasani, maana kengele haimsubiri mtu. Lifute lile jibu. Mwambie kijana kwamba ameuliza vizuri kuliko ulivyojibu. Wanafunzi hufurahi sana kusikia hivyo, na mwalimu hapungukiwi kitu. Hao watatu uliowasoma, inawezekana kabisa wote wamehesabu sawasawa. Kila mmoja alichimba mzizi wake, mahali pake, akaandika alichokiona. Tatizo liko kwetu sisi wasomaji. Tunaichukua namba ya kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, kama namba ya NIDA, kwamba spishi ikishapewa imepewa. Kwa kitunguu cha Kariakoo ni karibu kweli. Kwa mmea wa porini, namba iliyo kitabuni ni habari ya miche michache iliyochimbwa mahali fulani siku fulani, na ukivuka mto unaweza kukuta habari nyingine.

Sasa tuje kwenye hayo majani yako, kwa sababu bila kujua umeshika mfano mzuri kuliko wote nilionao. Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Megathyrsus maximus. Vitabu vya zamani vimeandika Panicum maximum, ni yale yale. Seti yake ya msingi ina kromosomu 8. Mmea wenye seti mbili una 16, wenye nne una 32, wenye sita una 48: diploidi, tetraploidi, heksaploidi. Ukisimama pembeni mwa barabara popote hapa Dar es Salaam, Pugu au Bunju, ukang'oa shina moja, mimi ningeweka dau kwenye 32. Ndiyo namba iliyoenea Afrika, na ndiyo iliyosafiri na majani haya hadi Amerika ya Kusini na Australia.

Wa 16 ni wachache, na hapo ndipo habari inapokuwa ya kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Kifaransa wa taasisi ya ORSTOM walizunguka Afrika Mashariki wakikusanya majani haya, 1967 na tena 1969. Sehemu za Korogwe, pale ambapo sisi abiria wa Tanga tunajua machungwa ya dirishani na mashamba ya mkonge, walikuta makundi ya mimea yenye kromosomu 16. Kwa macho ni majani tu. Ng'ombe hasemi lolote. Ila kuzaa kwake ni tofauti kabisa na kwa wale wa 32.

Mmea wa 32 kwa kawaida haupati mbegu kwa ndoa. Kiinitete chake kinakua moja kwa moja kutoka kwenye seli za mama. Kromosomu hazipunguzwi nusu, wala yai haliungani na chavua. Chavua inahitajika tu ili chakula cha akiba ndani ya mbegu kiumbike. Kwa hiyo kila mche unaochipua ni mama yule yule amerudi. Wataalamu wanaita apomiksisi. Wale wa Korogwe wenye 16 huzaa kwa chavua na yai, na watoto wao hutofautiana kama watoto wa nyumba moja wanavyotofautiana sura na tabia.

Kwa mtu anayetafuta mbegu bora za malisho, hiyo ni dhahabu. Mimea isiyooana huwezi kuichanganya ukachagua watoto walio bora. Lakini wa 16 na wa 32 hawaoani kirahisi (sababu inakuja), ndipo watafiti wakawatibu wa 16 kwa kolchisini, dawa inayoiacha seli irudufu kromosomu zake halafu inaizuia isigawanyike. Wakapata mimea ya 32 inayozaa kwa ndoa, wakaichavusha kwa chavua ya wale wa apomiksisi. Sampuli za mikusanyo ile zilifika mpaka Brazil, ambako taasisi ya Embrapa ilitoa kwa wafugaji aina iitwayo Tanzânia mwaka 1990 na nyingine iitwayo Mombaça mwaka 1993. Zote mbili zilichukuliwa Korogwe na jirani zake, ya kwanza 1969 na ya pili 1967. Watu wa Korogwe wangekuwa na haki ya kulalamikia hilo jina la pili.

Kwa hiyo aliyeandika 16 huenda alishika mmea wa Korogwe, aliyeandika 32 alishika wa karibu popote pengine, na wa 48 naye alishika mmea wake. Lakini sitaki uishie hapo, kwa sababu mwanafunzi wako kesho kutwa atauliza: zinaongezekaje?

Chavua na yai hutengenezwa kwa meiosisi. Kromosomu hujipanga jozi jozi, kila jozi ikaachana, kila upande ukachukua nusu. Mara chache mtambo hukwama, pengine kwa baridi au joto la ghafla, pengine kwa kasoro ya jeni, na chavua ikatoka na mzigo wote bila kupunguzwa. Tuseme yai la kawaida lenye 8 limekutana na chavua ya namna hiyo yenye 16. Mtoto ana 24, seti tatu, ndiye triploidi. Anaota vizuri tu, pengine ananenepa kuliko wazazi. Shida inaanza anapotaka kuzaa.

Hapa muite mwanafunzi anayependa hesabu. Katika kila kundi la kromosomu tatu zinazofanana, mbili zitaachana, moja huku na moja kule. Ya tatu haina mwenzake. Itaangukia upande wowote, kama shilingi iliyorushwa juu. Ili chavua iwe na seti kamili, hizo za tatu zote nane lazima ziangukie upande mmoja. Uwezekano wake ni 2 kati ya 256, yaani 1 kati ya 128. Nyingine zote zina kromosomu pungufu hapa na za ziada pale, na nyingi hufa. Ndizi seti yake ni 11, kwa hiyo kwa ndizi yenye seti tatu uwezekano unashuka hadi 1 kati ya 1,024. Ndizi za kupika za Bukoba zina kromosomu 33, nawe hujawahi kutafuna mbegu ndani yake. (Usimwambie mwanafunzi kuwa hiyo ndiyo sababu pekee, lakini. Mchare wa Kilimanjaro una 22 na bado unaumenya bila kutema mbegu. Wakulima wa kale walichagua pia migomba inayojaza tunda bila kuchavushwa.)

Moja kati ya 128 ni kidogo, ila kwenye shamba lenye maelfu ya maua kitu kitapatikana. Triploidi akitoa chavua moja nzima ya 16, au ya 24 ambayo haikupunguzwa, ikakutana na yai la kuikamilishia 32, tetraploidi anaweza kuzaliwa. Triploidi huyu tasa tuliyekuwa tunamsikitikia ndiye mara nyingi daraja la kutoka seti mbili kwenda nne.

Akishazaliwa huyo tetraploidi wa kwanza, maisha yake ni magumu kwa sababu nyingine. Wewe unajua mtungi wa gesi: ukinunua wa kampuni ambayo regulata yake ni ya peke yake, halafu mtaani kwako hakuna duka linaloijaza, mtungi ni mzuri lakini unapikia mkaa. Mmea wa 32 uliozaliwa katikati ya mamia ya mimea ya 16 unapokea chavua ya majirani, yenye 8. Yai lake lina 16. Kila mbegu inayotokea ni ya 24, na hayo mahesabu tumeshayafanya. Wenzake wengi wanapata mbegu nzuri wao kwa wao. Yeye mbegu zake karibu zote zinapotea. Donald Levin, mwanabotania wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1975: aliye wachache anaondolewa kwa sababu tu ni wachache, hata kama kwa afya anawashinda wote.

Atapona vipi? Ajichavushe mwenyewe. Au aishi miaka mingi akitambaa kwa mizizi na vikonyo bila kujali mbegu. Au azae kwa apomiksisi, asihitaji mchumba, kama majani yako ya Chanika. Au mbegu yake ibebwe na maji au kwato mpaka mahali ambapo wale wa 16 hawafiki. Ndiyo maana ukichora ramani ya namba za kromosomu za spishi moja, mara nyingi hupati mchele na maharage vimechanganywa sahani moja. Unapata mitaa, huku wa 16, kule wa 32, na mpaka mwembamba katikati ambapo triploidi wachache wanahangaika.

Mfano unaopendwa na kila mtu katika fani hii ni kichaka cha jangwani cha Amerika ya Kaskazini, Larrea tridentata. Katika jangwa la Chihuahua kina kromosomu 26. Ukielekea magharibi, jangwa la Sonora, kina 52. Ukifika Mojave ni 78. Kichaka kile kile, harufu ile ile ya lami baada ya mvua, majangwa matatu na namba tatu. Nimewahi kuuonyesha mfano huu kwa wanafunzi wa hapa kwetu wakaniambia ni mzuri mno, umepangwa. Ni kweli. Mimea mingi haijipangi hivyo. Lipo ua dogo la misitu ya mashariki mwa Marekani, Claytonia virginica, ambalo namba zake zinaanzia 12 na kupanda hadi karibu 190, zikiruka kwa moja moja na mbili mbili, wala si kwa seti nzima. Aliyelisomea anahesabu kila kundi upya na hakuna anayemcheka.

Hapa mjini nenda katazame lantana, kile kichaka cha maua ya njano na waridi kilichotoka Amerika na sasa kinachoma miguu ya watu kila kiwanja kisichojengwa. Seti yake ni 11, na duniani zimehesabiwa lantana za 22, 33, 44, 55 na 66. Au ukoka, Cynodon dactylon, wenye 18 na 36. Ule wa viwanja vingi vya gofu ni chotara wa 27, kati ya ukoka huu na ndugu yake wa Afrika Kusini. Kwa nini hupandwa kwa vipande na si kwa mbegu, darasa lako sasa linaweza kujibu.

Mpaka hapa nimesema juu ya idadi tu. Ila namba inaweza kuwa moja na kromosomu zisiwe zile zile, na kwangu mimi hili ndilo tamu zaidi.

Mnanaha unaujua, ule mmea wenye sumu unaoota majalalani, tunda lake lina miiba. Spishi moja ya mnanaha, Datura stramonium, ina kromosomu 24, jozi 12. Albert Blakeslee wa Marekani aliushughulikia kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1910. Kwanza aligundua mimea yenye 25, yaani jozi moja imepata ya tatu. Zipo jozi 12, na zikapatikana aina 12 za namna hiyo, kila moja na umbo lake la tunda: jingine mviringo, jingine jembamba, jingine miiba imebadilika. Mwenzake John Belling ndiye aliyezithibitisha kwa hadubini, kwa ile njia yake ya kuponda seli ndani ya rangi iitwayo asetokamini. Ulipoponda mzizi wa kitunguu chini ya kioo kwa kidole gumba ulikuwa unamfuata yeye, hata kama rangi yako ilikuwa nyingine.

Baadaye Blakeslee akakusanya mbegu za mnanaha wa mwituni kutoka pande nyingi za dunia. Akakuta 24, 24, 24. Mtu mwingine angefunga daftari. Yeye akauchavusha wa kwao kwa chavua ya wageni, halafu akatazama meiosisi ya watoto. Baadhi yao kromosomu hazikusimama jozi jozi: nne zilikuwa zimeshikana duara.

Chukua vitabu viwili, cha historia na cha hesabu. Chana kila kimoja katikati, badilisha nusu za nyuma, gundisha. Bado una vitabu viwili na hakuna ukurasa uliopotea. Mwenye navyo anasoma vizuri. Sasa viweke na vitabu viwili vizima vya jirani na umwambie mtoto avipange ukurasa kwa ukurasa. Kitabu chako cha kwanza nusu yake inalingana na historia ya jirani, nusu na hesabu yake. Cha pili hivyo hivyo. Havipangiki viwili viwili, vyote vinne vinashikana. Zamani, mahali fulani, kromosomu mbili za mnanaha zilikatika zikabadilishana vipande, na kundi la mahali pale likaendelea hivyo kizazi hadi kizazi. Kwa kuhesabu usingejua kamwe. Unajua siku wanapooana na wageni, chotara anapotoa chavua ambayo sehemu yake kubwa imekufa. Blakeslee aliyaainisha makundi ya mnanaha kwa mabadilishano hayo na kuonyesha yanakopatikana.

Yapo maua ya Oenothera, yale yaliyomfanya Hugo de Vries wa Uholanzi aandike kuhusu mabadiliko ya ghafla mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo kromosomu zake 14 zimebadilishana vipande kiasi kwamba katika baadhi ya mimea zote huunda duara moja. Sitaingia huko leo, tutalala humo.

La mwisho katika upande huu linahusu Tragopogon, maua ya njano au ya zambarau ya jamii ya alizeti yaliyopelekwa Marekani kutoka Ulaya. Spishi tatu zenye 12 zilikutana katika jimbo la Washington na Idaho mwanzoni mwa karne ya 20, zikazaa machotara, na mwaka 1950 Marion Ownbey akatangaza spishi mbili mpya kabisa zenye 24, zilizozaliwa ndani ya miongo michache tu. Kila kitabu cha chuo kina hadithi hiyo. Lakini mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyopaka rangi kila kromosomu ili ijulikane imetoka kwa mzazi gani. Mimea mingi ilikuwa na 24 kwa jumla, ila si mbili za kila aina. Huyu ana tatu za aina moja kutoka kwa mama na moja tu ya mwenzake kutoka kwa baba. Jirani yake amegeuza. Hesabu inatimia, na ndani kila mmoja ana mchanganyiko wake. Tangu niisome kazi ile nimekuwa mwoga wa kusema "namba ni ya kawaida".

Ili usiondoke ukidhani kila tofauti porini ni ya kromosomu, kuna kinyume chake hapa hapa nyumbani. Maua ya urujuani ya Usambara, yaliyopelekwa Ujerumani na mtawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892 na leo yapo kwenye madirisha ya dunia nzima, yana sura nyingi porini. Mengine yanatambaa, mengine yamekaa kama sahani, majani ya haya yana manyoya na ya yale yanateleza. Wataalamu walishawahi kuyagawa katika spishi karibu 20. Kromosomu zake? Karibu kote 30. Mlima kwa mlima, 30.

Umeuliza nani kakosea, na sijasema kwamba watu hawakosei. Wanakosea sana. Kromosomu za binadamu zilisemwa kuwa 48 kwa zaidi ya miaka 30, watu wazima wenye hadubini nzuri wakiziona 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan wakiwa Sweden walipochapisha 46 mwaka 1956. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilitumia wiki tatu kuhesabu nyasi moja nikapata 31, 33, 34, nikaanza kuota ndoto za kugundua kitu. Mwalimu wangu aliinama kwenye hadubini dakika moja akaniambia nikachuje rangi, nahesabu takataka. Tena zipo kromosomu ndogo za ziada, ziitwazo za B, ambazo mmea unaweza kuishi nazo au bila nazo. Mahindi yanazo katika baadhi ya mbegu za kienyeji. Mtu asiyezijua anaziongeza kwenye jumla. Na lipo kosa baya kuliko yote, la kuhesabu sawasawa mmea ambao jina lake umelikosea.

Hilo la mwisho linatugusa. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki kilianza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, zaidi ya spishi 12,000, kazi kubwa iliyotegemea zaidi mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Jani kavu litakupa jina, mahali na tarehe, na siku hizi hata DNA. Halikupi kromosomu. Hizo unaziona kwenye seli hai iliyokamatwa ikigawanyika, yaani lazima mtu aende na kichupa porini. Mimea ya Ulaya imehesabiwa na kurudiwa. Ya tropiki sehemu kubwa bado inasubiri.

Ukitaka darasa lako lifanye kitu, usianze na majani ya ginea. Kromosomu zake ni ndogo mno kwa hadubini ya shule. Anza na mshubiri, unaota hata kwenye kopo la rangi. Una 14, na hata mtoto aliyesinzia ataona kuwa nane ni ndefu na sita ni fupi. Kata ncha za mizizi mipya asubuhi, ziloweke kwenye maji ya barafu ndani ya friji mpaka kesho yake ili kromosomu zijikunje, halafu zitie kwenye alkoholi sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja. Kuanzia hapo ni kama kitunguu. Umeme ukikatika usiku, anza upya, usijidanganye.

Kwa majani ya ng'ombe wako ipo njia ya mlango wa nyuma. Seli za mmea wenye seti nyingi huwa kubwa zaidi. Paka chini ya jani rangi ya kucha ile isiyo na rangi, iache ikauke, ibandue kwa selotepu, iweke kwenye slaidi. Utaona stomata, vile vitundu vya jani vya kupitisha hewa, zimejipanga. Pima urefu wa 20 au 30 kwa kila mche, majani ya umri mmoja, yaliyoota juani pote au kivulini pote. Ukipata siku moja kusimama Korogwe, chuma na kule ulinganishe. Vipimo hivyo havikupi namba. Vinakuambia tu ni mche gani unastahili kuchimbwa mzizi.

Mnanaha waache wauone kwenye picha. Sumu yake si ya mchezo na wanafunzi wana tabia ya kuonja.

Na kila mche mnaoupima, bana tawi lake lenye maua katikati ya magazeti ya zamani, weka tofali juu, na uandike karatasi: Chanika, umbali gani kutoka barabarani, tarehe, mche wa ngapi, jina la aliyechuma. Mkifika kwenye namba andikeni "32?" na hiyo alama ya kuuliza ibaki mpaka mhesabu seli kumi za mche huo huo na zote zikubaliane.